Nyanya Zisizofika Kishapu

Nyanya nimezipanda kila mahali mume wangu aliponipeleka, na sijawahi kula hata moja iliyoivia kwenye mti wangu. Naanza na hilo ili mtu asije akasema Febronia ni mwanamke wa kisirani aliyegombana na mumewe kwa sababu ya mboga. Waliosema hivyo wapo, na vibanda vyao navijua.

Mume wangu Otmar ni mchimbaji wa dhahabu, na mchimbaji hakai mahali, anapita. Mtu akipiga simu kusema kuna rashi, yaani dhahabu imeonekana sehemu fulani na watu wanaikimbilia, basi kesho yake turubai letu linakunjwa. Mwakitolyo niliziacha nyanya zikiwa na maua. Machimbo yaliyofuata niliziacha zikiwa na ukubwa wa goroli. Kila mara Otmar ananipigapiga begani na kuniambia, "Utapanda nyingine, Mama Klara." Utadhani nilikuwa nalilia mbegu.

Klara ni mtoto wetu wa pekee. Anasoma Ushirombo na anakaa kwa mama yangu, kwa sababu huwezi kumhamisha mtoto shule kila baba yake anapoota ndoto. Shule zikikaribia kufungwa namwahidi kwamba safari hii likizo atakuja kwangu. Zikifungwa, mimi niko mahali pengine ambapo hata choo hakijachimbwa. Likizo iliyopita nilipompigia simu kumwambia avumilie, hakulia. Aliniuliza kama nimekula, kwa sauti ile ya kumsalimia mgeni, halafu akampa bibi yake simu. Afadhali angelia.

Kwa hiyo hapa Nyamtondo nilijisemea basi, imetosha. Dhahabu ilikuwa kidogo lakini haikukauka. Kibanda changu cha chakula kilikuwa jirani na makarasha, zile mashine za kusaga mawe, hivyo vumbi lilikuwa langu na wateja walikuwa wangu. Nyuma yake nikapanda nyanya pale yanapopita maji ya kuoshea vyombo, nikazungushia chandarua kuukuu kuzuia mbuzi. Nikampigia Klara. Nikamwambia zitaiva shule zikifungwa, aje azichume mwenyewe. Akauliza kama ni zile ndefu au za mviringo. Siku hiyo niliuza chakula nikiimba, mpaka wateja wakaniuliza kama Otmar amepata dhahabu.

Zilikuwa zimejaa, zinang'aa, na zile za chini zimeanza kuwa nyeupe kidogo kama zinavyofanya zikikaribia kuiva, wakati Otmar alipoingia kibandani bila hata kunawa.

"Mama Klara, Kishapu kumewaka."

"Kumewaka nini?"

"Rashi. Watu wanaokota mawe yanang'aa, unayaona kwa macho. Mwigulu anapeleka gari Alhamisi. Nimeshamwambia atuwekee nafasi."

Nimeshamwambia. Yaani dereva wa Fuso anajua ninakohamia kabla yangu.

"Kishapu kuna pamba na ng'ombe," nikasema. "Na almasi za Mwadui zina wenyewe. Wewe unaenda kuchimba nini?"

"Hata hapa walisema hakuna kitu."

"Baba Klara, nimemwambia mtoto aje hapa. Nimemwambia hapa. Mimi siondoki mpaka nyanya zile zivunwe na yeye awepo."

Alicheka, akachukua kiazi kwenye sahani ya mteja, akatoka. Otmar si mtu mbaya. Hanipigi, halewi, na akipata analeta nyumbani. Ubaya wake ni kwamba ukimwambia jambo linalokuchoma moyo, yeye anasikia kazi ndogo inayohitaji kurahisishwa.

Melania, jirani yangu wa kibanda cha chai, alisikia yote kwa sababu kati yetu kuna kipande cha kiroba tu.

"Shoga, utamwacha mwanaume aende peke yake kwa ajili ya nyanya?" akaniuliza.

"Si nyanya."

"Sasa ni nini?"

Ningesema nini? Kwamba nataka mahali ambapo mwanangu akishuka kwenye gari ananikuta? Mbele ya watu wanaolala kwenye viroba kusubiri utajiri, maneno hayo yanasikika ya kitoto. Nikamwambia aniazime ungo.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kufuata maji kwenye bomba la mkono. Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu wanaosafiri wote walikuwa wanajaza madumu. Niliporudi nilimkuta Otmar amesimama mbele ya kibanda na ndoo, anatabasamu kama bwana harusi. Ndoo imejaa nyanya zangu. Mbichi zote, hata zile ndogo. Nikachungulia nyuma: chandarua kimekunjwa vizuri, na miti imebaki majani matupu.

"Nimekurahisishia," akasema. "Si ulisema huondoki mpaka zivunwe? Nimevuna. Tutazifunga kwenye gunia, zitaivia Kishapu. Na Klara tutamwambia aje huko huko."

Nilitua ndoo ya maji. Nilitaka kumpiga nayo, nasema kweli, na nilitaka kulia, na sikufanya hata kimoja kwa sababu watu walikuwa wameanza kugeuka. Alikuwa anangoja nimshukuru! Ameinama kwenye umande, kachuma moja moja bila kuvunja tawi, anaamini kabisa amenitendea wema.

"Kweli, Mama Klara, zitaiva tu," Melania akadakia kutoka upande wake. "Ukizifungia na ndizi mbivu hazichelewi."

Nyanya ya kuivia kwenye gunia naweza kuinunua gulioni. Nikachukua ndoo, nikaingia nayo ndani, nikaweka karai mekoni. Hakuna nyanya yangu itakayoivia Kishapu. Hilo ndilo wazo pekee lililokuwa kichwani.

"Unafanya nini?" Otmar akauliza.

"Napika."

"Gari linakuja sasa hivi."

"Lije."

Kuni zilikuwa mbichi, zikanitolea moshi wote usoni. Kisu kilikuwa butu. Nyanya mbichi ina ngozi ngumu na kisu butu kinaikwepa, kikanichana kidole. Nikazikata duara duara, nene kiasi, nikichanganya damu na matusi ya kimoyomoyo. Nilikuwa na unga wa ngano uliobaki kwenye chapati, nikaukoroga na maji na chumvi kama ninavyofanya viazi karai, nikachovya, nikatumbukiza. Unga wote ukabanduka. Ukabaki unaelea kwenye mafuta peke yake, na nyanya chini zinatokota na kuteremsha maji, mafuta yakanirukia hadi shingoni. Nikazitoa, nikazitupa nje. Kuku hata hawakuzisogelea.

Otmar alikuwa anafungua kamba za turubai juu ya kichwa changu. "Ungezifunga tu kwenye gunia," akasema kutoka juu.

Nikakata nyingine. Safari hii nikazinyunyizia chumvi na kuziacha kwenye ungo wa Melania, na kweli zikaanza kutoa jasho, maji yakachuruzika mpaka miguuni kwangu. Nikazifuta moja moja kwa khanga. Nikazipaka unga mkavu kwanza, nikazichovya kwenye yai, halafu nikazigaragaza kwenye unga wa mchele niliokuwa nimeuweka wa vitumbua, nikauchanganya na sembe kidogo na pilipili manga. Nikangoja mafuta yapate moto kweli, mpaka chembe ya unga niliyodondosha ikapanda juu ikilalamika. Nikaziweka chache chache. Zikatulia. Unga ukashika. Zikaanza kugeuka rangi ya mkate, nikazipindua, na nilipozitoa nikagonga moja kwa kucha ikalia ka, ka.

Moyo wangu haukupoa hata kidogo. Ila mtu ukishakasirika kiasi hicho unataka angalau jambo moja likutii.

Nikafanya na chachandu ya kuchovea. Ya kawaida inataka nyanya mbivu, na mbivu ndizo nilizonyimwa, kwa hiyo nikachukua maziwa mgando ya wafugaji, nikayachuja yakawa mazito, nikatia kitunguu saumu cha kutwanga, pilipili kichaa, chumvi, na ukwaju niliouloweka kwa ajili ya juisi. Nikaonja. Ikanipiga utosini, ikashuka, ikaacha ubaridi. Nikaongeza pilipili kwa sababu ya hasira.

Harufu ikatoka kuliko nilivyotaka. Wasafiri waliokuwa wamekalia mabegi yao wakasogea mmoja mmoja. Melania akala, akafumba macho. Mwigulu akafika na gari lake, akashuka, akachovya kipande, akachovya cha pili.

"Wabeja, mayu!" akanishukuru kwa Kisukuma chake, mdomo umejaa. "Hii ni nyanya kweli? Nilidhani ni samaki."

Wakacheka wote, wakasifu. Kila sifa iliniingia kama mwiba. Walikuwa wanakula likizo ya mwanangu na kulamba vidole.

Na mimi nikatia moja mdomoni. Ikavunjika, ndani laini, uchachu wake umekaa sawasawa na yale maziwa. Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba zilikuwa tamu. Ningependa kukuambia zilikuwa chungu.

Otmar alishuka na turubai mgongoni, akala akiwa amesimama. Nilimtazama akitafuna. Nilikuwa namwomba Mungu mume wangu aseme neno moja tu, lolote, hata pole.

"Unaona?" akasema. "Kumbe hata hazikuwa na haja ya kuiva. Huko Kishapu utauza hizi, watu watakuja mpaka kutoka Mhunze."

Basi. Kuna kitu kiliniacha palepale, nikakisikia kikitoka. Nilikuwa nimemngoja aelewe kwa miaka yote hiyo, na kumbe hakuwa anakataa kuelewa. Kwake hapakuwa na kitu cha kuelewa.

Akapakia magodoro. Akapakia begi lake na langu. Akapakia sufuria kubwa na madumu. Mwigulu akapiga honi, na wale wengine wakapanda juu, wakashikilia mbao. Otmar akarudi kuchukua karai, akalikuta bado lina mafuta yanayochemka na nyanya ndani.

"Mwaga mafuta, tuondoke."

"Bado nakaanga."

"Febronia." Haniiti jina hilo mbele za watu. "Watu wanasubiri."

"Waambie waende. Na begi langu ulishushe."

Alinitazama, akatazama juu ambako turubai lilikuwa na sasa ni fito tu na jua. "Utakaa wapi? Hapa hakuna paa."

"Nitaezeka."

"Kwa ajili ya nyanya? Si zimeshakwisha! Miti ina majani matupu!"

"Itazaa tena," nikasema. "Ila hata isipozaa. Mtoto nimemwambia hapa, Baba Klara. Wewe nenda. Ukitaka kuja kutuona unapajua."

Nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa anatafuta cha kurahisisha, akakikosa. Honi ikalia tena, ndefu. Alikwenda akashusha begi langu, akaliweka juu ya benchi taratibu, akalifuta vumbi kwa kiganja. Turubai hakulishusha, labda alisahau, labda aliona kukosa paa kutamrudishia mtu akili. Akapanda. Gari liliondoka, na mimi nikazitoa zile nyanya kwenye mafuta kwa sababu zilikuwa karibu kuungua.

Nililia, usidhani sikulia. Nililia nikizipanga kwenye sahani, jua la utosini, moshi puani, na mteja mmoja wa makarasha amekaa anasubiri chakula chake, hajui atazame wapi. Melania alikuja na kipande cha mkeka akakitupia juu ya fito upande wa mekoni. Hakusema kitu, na kwa Melania hiyo ni zawadi kubwa.

Mteja alipoondoka nilimpigia mama yangu simu, nikaomba kuongea na Klara. Nikamwambia nyanya baba yake amezichuma, tumezila, asizitegemee. Akasema, "Sawa, mama," kwa ile sauti ya mgeni. Alikuwa anasubiri nimwambie tumehamia wapi.

"Sasa sikiliza," nikasema. "Chukua kalamu. Ushirombo unapanda gari za Runzewe. Mwambie kondakta akushushe njia panda ya Nyamtondo, pale penye mashine ya kukoboa."

Nikasikia anahangaika kutafuta kalamu, anamwita bibi yake, kiti kinaanguka. Akarudi anahema. "Endelea, mama. Njia panda ya Nyamtondo. Halafu?"

Nikakwama. Nilikuwa sijawahi kumwelekeza mtu njia ya kuja kwangu, nikalazimika kusimama barabarani na simu sikioni nitazame kwanza ilivyo.