Wa Pili Kutoka Kushoto

Sydney, mtoto wa dada yangu Wakiuru, ana miaka thelathini na moja na hajawahi kushika kitu kizito kuliko simu. Nasema hili mapema ili nisilaumiwe baadaye kwamba namchukia bila sababu. Sababu ninayo.

Alikuja kwenye kibanda changu cha kuchomelea mageti pale Mowlem, Nairobi, siku ya Jumanne, mkoba mgongoni kama mtalii. Akatoa kitu cheupe, bapa, kikubwa kama sinia, akakilaza juu ya geti la mteja.

"Rangi haijakauka," nikamwambia.

"Anko, tulia. Hii ni setilaiti. Intaneti ya kubeba. Unaenda nayo hata porini, unaitazamisha juu, inashika."

"Kinangop si porini."

"Kwa kina Shiru hakuna netiwaki, Anko. Nilienda huko mwezi uliopita. Simu inakuwa tochi tu."

Hiyo sinia ilikuwa ya Muriuki, mtoto wa marehemu kaka yangu. Namaanisha ilikuja kwa ajili yake. Muriuki ni bawabu Doha, mwaka wa nne sasa. Jumamosi hiyo tulikuwa tunaenda Kinangop kwa wazazi wa Shiru, mchumba wake, kupeleka mahari, na Muriuki mwenyewe hakuwa anakuja. Angehudhuria kwa simu. Nilipompigia kumwambia kwamba mwanamume haposi akiwa amelala kitandani nchi ya watu, alinicheka.

"Anko, siku hizi mambo ni dijitali. Sydney amepanga kila kitu."

Mtu akiniambia Sydney amepanga kitu, mimi huanza kutafuta mlango.

Jumatano nilikwenda Tassia kumwona Shiru. Anashona sare za shule katika chumba cha chini cha ghorofa moja, cherehani iko mlangoni ili apate mwanga. Sikuwa na maneno mengi. Nilitaka kujua kama mpango huo unamridhisha, kwa sababu msichana akinyamaza watu hudhani amekubali.

"Shangazi zangu wanataka turuke ile sehemu ya kuchagua," akasema. "Wanasema kwa simu haiwezekani. Mimi nimekataa. Lazima ifanywe."

Asiyejua mambo yetu Wakikuyu nimweleze. Siku hiyo bibi harusi hufunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, pamoja na wanawake wengine, wote sawasawa. Hupangwa mstari, na bwana harusi huambiwa amtoe wake. Akikosea watu hucheka, anatozwa kitu kidogo, anarudia. Ni mchezo. Lakini wanawake hawausahau mchezo huo.

"Na akikosea?" nikamwuliza.

"Akikosea tutacheka kama watu wengine. Lakini anitafute, Anko. Kila siku ananiambia anaweza kunijua hata nikifunikwa gunia. Nimemngoja miaka mitatu na nusu. Yeye anitafute dakika mbili tu. Hata hizo akikosa, basi mimi sina mume, nina simu."

Alisema hayo bila kuacha kushona. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga cherehani taratibu, tap-tap, tap-tap.

Jumamosi tulifika Kinangop saa nne, watu kumi na wawili, baridi inauma masikio. Sydney alikuwa amevaa suti nyeusi na miwani ya jua, na jua lenyewe halikuwapo. Hata kabla hatujasalimia wenyeji, alianza kuzunguka boma la watu akitazama mbinguni. Nyumba imezungukwa na misaipresi mirefu, na sinia yake haitaki miti. Inataka kuona anga wazi. Katika boma zima la Mzee Muturi, baba yake Shiru, mahali penye anga wazi palikuwa pamoja tu.

Akapanda juu ya choo.

Hakuomba ruhusa. Alichukua ngazi ya watu, akapanda mabati ya watu, akaiweka pale na kushusha waya hadi kwenye betri iliyokuwa nzito kama tofali. Mzee Muturi, mtu mpole wa miaka sabini na kitu, alisimama na fimbo yake akitazama.

"Kijana, hicho ni nini juu ya choo changu?"

"Hapo ndipo mkwe wako anapitia, mzee."

Nilitamani ardhi inimeze. Upande wao kuna mtu alicheka puani.

Muriuki akatokea kwenye simu iliyosimamishwa mezani chini ya tenti. Koti na tai juu, chini sijui. Nyuma yake kitanda cha orofa na taulo la mtu. Sydney alikuwa ameunganisha sauti na spika kubwa za tenti, kwa hiyo kijana alipokohoa, kondoo walikimbia. Tatizo moja tu: kila mtu aliyekwenda haja alitikisa yale mabati, na Muriuki akaganda mdomo wazi kama samaki wa sokoni. Ikabidi Sydney asimame mlangoni mwa choo.

"Mzee, ngoja kidogo, mkwe anaongea."

"Mimi nina sukari, kijana. Siwezi kungoja."

"Dakika tano tu, mzee wangu."

Huo ndio ukwe tuliowapelekea. Wazee wa watu wanazuiwa kukojoa kwao.

Nilisema niliyotumwa kusema. Nilisema vizuri, kwa ufupi, na Mzee Muturi alijibu vizuri. Kisha shangazi yake Shiru, Tata Lydiah, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde, akasimama.

"Sasa tunataka kuona kama huyu kijana wa Doha anajua alichokuja kutafuta!"

Wanawake wakaingia nyumbani kujifunika. Upande wetu hauruhusiwi kuona. Sydney akasema anaenda nyuma kuangalia waya. Alipotoka huko alikuwa anatabasamu, na mimi, mjinga, nilidhani amefurahia waya.

Walitoka sita, leso za aina moja, nyekundu na nyeupe, mpya. Mmoja alichechemea, mwingine alijikunja kama kikongwe, wawili walishikana wakiyumbayumba. Walikuja wakapangwa mbele ya tenti huku nyimbo zikipigwa.

Sydney aliinua simu yenye Muriuki kuwaonyesha. Lakini badala ya kusimama akiwatazama wanawake, aliwageuzia mgongo. Aliinua simu mbele ya uso wake mwenyewe, miwani na meno vikiwa mbele, wanawake nyuma ya bega lake kama mapambo ya ukuta.

"Geuka uwaonyeshe vizuri," nikamwambia.

"Wanaonekana, Anko. Hii ni kumbukumbu, lazima na mimi niwe ndani."

Mkono wa pili ulikuwa na simu nyingine, chini karibu na paja, kidole gumba kikienda mbio. Hilo nililiona. Nilidhani anaandikia wasichana wake.

"Kijana wa Doha!" akaita Tata Lydiah. "Bibi yako ni yupi?"

Mimi nilikuwa nimeketi mbele, nikawatazama wote sita. Wa pili kutoka kulia kwangu alikuwa amesimama wima, hakuigiza kitu. Ila chini ya leso ncha ya kiatu ilikuwa inapanda na kushuka, tap-tap, tap-tap, kama anakanyaga cherehani. Hata mtoto angejua. Mtu aliyekaa naye chumba kimoja Tassia mwaka mzima kabla ya kwenda Doha, akilala huku anasikia mguu ule, angemjua akiwa amefumba macho.

Nikamtazama Muriuki kwenye simu. Hakuwa anatazama mstari. Macho yake yalishuka, yakaenda pembeni, yakasoma, yakarudi.

"Wa pili kutoka kushoto!" akasema, upesi kama mwanafunzi aliyepenyezewa jibu dirishani.

Tata Lydiah akavuta leso. Alikuwa nyanya yake Shiru, miaka themanini na moja, hana jino la mbele. Akapiga vigelegele akanyoosha mikono kwa simu.

"Nimepata bwana! Nipelekeni Doha!"

Tenti nzima ikaanguka kwa kicheko. Nami nilicheka. Mambo yangeishia hapo yangekuwa mazuri sana, kwa sababu kukosea kunaruhusiwa. Lakini sauti ya Muriuki ikatoka kwenye spika zote nne.

"Syd, si umeniandikia wa pili kutoka kushoto?"

Netiwaki ilikuwa safi kabisa. Hakuna aliyekuwa chooni. Hakuna hata neno moja lililokatika.

Mtu mwenye akili angezima simu. Sydney akafungua mdomo.

"Kushoto kwangu, buda! Kushoto kwa skrini yangu!"

Baadaye fundi wa simu wa Mowlem alinieleza. Ile kamera ya mbele humwonyesha mwenye simu kama kioo, kulia kunakuwa kushoto, na mtu wa upande wa pili huona mambo jinsi yalivyo. Yaani yule mpumbavu alichungulia wanawake wakijipanga, akajua Shiru ni nani, na hata kuiba kukamshinda, kwa sababu alitaka sura yake iwe kwenye sherehe ya mtu mwingine.

Kicheko kilikatika. Yule wa pili kutoka kulia akajifunua mwenyewe, bila kusubiri Tata Lydiah. Akatembea hadi kwa Sydney akachukua simu mkononi mwake, na Sydney akaiachia.

"Muriuki."

"Shiru wangu, pole. Picha ilikuwa inaganda, sikuwa nawaona vizuri."

"Haikuganda. Tulikuwa tunakuona unapepesa macho."

"Sasa unataka nifanye nini? Niko mbali. Ilikuwa ni kusaidiwa tu kidogo."

"Nilikuwa nakupigia mguu."

Muriuki akauliza, na spika zikauliza naye boma zima:

"Mguu gani?"

Shiru alimrudishia Sydney simu kwa adabu, kama mtu anayerudisha kikombe. Akageuka kwa baba yake, akapiga goti kidogo.

"Baba, wageni wametoka mbali na chakula kimeiva. Wale. Lakini mimi sijachaguliwa."

Mzee Muturi alinitazama. Nilisema tu, "Tumesikia, mzee," na tukala irio za watu vichwa vikiwa chini. Mbuzi wa mahari tuliokuwa tumewapeleka tukarudi nao Nairobi, wakilia njia nzima nyuma ya gari. Sydney, akiwa na sinia mapajani, alisema shida ilikuwa kamera, si intaneti. Alirudia hivyo mpaka Naivasha, nikamwambia akisema tena atashuka.

Muriuki hakutulia. Kila jioni alinipigia: nimwombe Shiru, nimweleze, wapange siku nyingine. Nilimwambia apande ndege. Akasema bosi hampi ruhusa. Nikamwuliza kama ameomba. Akasema hajaomba lakini anajua jibu.

Baada ya wiki tatu nilipita Tassia. Shiru alikuwa kwenye cherehani, rundo la sare za kijani kando yake.

"Amepiga?" akauliza.

"Amepiga."

"Anasema nini?"

Ningeweza kutafuta maneno mazuri. Sina kipaji hicho.

"Anasema mkirudia, safari hii Sydney atageuza kamera."

Alicheka. Alicheka mpaka mguu ukatoka kwenye pedali na uzi ukakatika. Akajipangusa macho kwa kola ya sare ya mtoto wa watu, akalamba uzi, akaanza kuutunga upya kwenye sindano.

"Anko Githinji," akasema, "sogea kidogo. Unaniziba mwanga."