Grisi ya Cheni

Doa lilikuwa dogo tu, lakini Prudence alilitazama kwa hofu. Grisi nyeusi ya cheni ya pikipiki, kwenye pindo la kitenge chake cha pekee cha kutokea. Asubuhi alitoroka kwa pikipiki ya kukodi hadi mtaa wa Nyakasanza kwa Estelle mshonaji, akaambiwa aanze kazi Jumatatu. Gauthier, mumewe, alikuwa amemkataza kuvuka lango bila yeye. Angekaa kama wanaume, mguu huku na mguu huku, yasingemkuta haya. Lakini mke wa mtu hukaa upande, na pindo la aliyekaa upande halina pa kukimbilia. Adabu zake mwenyewe ndizo zilizomchongea.

Alinyunyiza unga wa muhogo unyonye mafuta, akaukung'uta. Akapaka mafuta ya taa kwa kitambaa, kutoka pembeni kuelekea katikati ili doa lisitanuke, kisha akasugua kwa sabuni. Povu likatoka jeusi. Akarudia, na doa likawa la kijivu, likakaidi hapo hapo. Aliogopa sana. Hakuogopa kipigo, aliogopa Gauthier aseme, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba kuanzia kesho ufunguo wa lango atakwenda nao kazini.

Mama mkwe wake, Mama Françoise, alikuwa kwenye jiko la nje akipika sombe, majani ya muhogo. Alikuwa akimtazama tangu mwanzo.

Lango likalia. Gauthier akaingia, akanusa harufu ya mafuta ya taa.

"Weye Prudence, unafula nini na petroli?"

Kabla hajajibu, Mama Françoise aliinuka na bakuli la mawese, akajikwaa mahali pasipo na hata kokoto, na mafuta yote mekundu yakamwagikia kitenge.

"Ni mie," akasema. "Nilimumwangia mawese asubui, alikuwa anaitosha na petroli. Sasa nimemwanga tena. Mikono imezeeka."

Gauthier akakitazama kitenge, akacheka. "Hiyo kikwembe imekwisha, Mama. Haina neno, yeye haiko na fasi ya kwenda." Akaingia ndani kuoga.

Prudence alishusha pumzi, akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Aksanti, Mama. Mumeniponyesha." Ndipo akakitazama kitenge, chekundu kuanzia kiunoni hadi pindoni. "Lakini Jumatatu nitavaa nini kwa Estelle? Muniazime yenu moja."

"Hapana."

"Mama, si mulijua nilienda wapi?"

"Nilijua. Nilikusikia ku telefone."

"Basi mungeficha tu ile doa. Juu ya nini muliharibisha yote?"

Mama Françoise alikoroga sombe isiyohitaji kukorogwa.

"Ukienda, mie nitabakia na nani hapa? Tangu tukimbie vita kule kwetu Bule sina mutu wa kusemesha. Ni weye tu."

Angekuwa mkali, Prudence angemjibu. Lakini mama wa watu alikuwa analia, na Prudence, kwa hasira na huruma, akasogea akamfuta machozi.