Kastori Yuko Hai

Jumanne asubuhi Adventina alifika Gitega kutoka Gasorwe kudai urithi wake, hati ya shamba la baba yake ameikunja ndani ya mfuko wa sukari. Raissa, karani wa ofisi ya ardhi, akampa kiti. Mashini yao mpya haikuhifadhi majina tu. Ilihifadhi aina za watu pamoja na kanuni za kuziunganisha aina hizo, kisha ikatoa uamuzi yenyewe.

"Mama, iko hivi," Raissa alisema, akisoma kioo cha mashini. "Kila mwenye shamba ni mtu hai. Kastori ni mwenye shamba. Donc, Kastori iko hai."

"Baba nilimzika mwenyewe, kambi ya wakimbizi kule Ngara, Tanzania, mwaka elfu mbili na moja."

"Cheti cha kifo iko?"

Hakikuwepo. Kambini watu walizikwa kwa shuka, si kwa cheti.

Aliporudi Gasorwe jioni alimkuta Kastori amekaa mlangoni anachambua maharage, udongo mwekundu umemganda masikioni. Alikuwa amekonda kidogo. Adventina alipiga magoti, akamwamkia, akaenda kuteka maji ya kumwogesha. Jirani yao Paskazia alipita, akamwuliza mzee habari za safari.

"Ndefu," mzee alijibu.

Alhamisi wakaenda Gitega wote wawili. Raissa alimsalimu mzee kwa mikono miwili, akaandika, akangoja.

"Mashini inakubali mzee iko hai. Lakini alikimbia vita mwaka tisini na tatu, na mwenye alikimbia ni wa aina ya wasiokuwepo. Shamba la asiyekuwepo linabaki kwa mwenye kulilima."

"Si huyu hapa mbele yako?"

"Mi namuona, mama. Mashini ndiyo haina macho."

"Basi nirithi mimi, mwanawe."

"Mrithi ni mwenye kufiwa na mzazi. We hujafiwa."

Kastori alicheka hadi akakohoa vumbi. Adventina hakucheka. Alikuwa amemlilia mtu huyu miaka zaidi ya ishirini, na sasa hata msiba wake walikuwa wameuchukua.

Shamba lilikuwa mikononi mwa Ignasi, aliyelilima tangu walipokimbia. Jumatatu alitafuta vibarua wa kupalilia. Mtu hai hula, kwa hiyo Kastori aliazima jembe akaenda. Kila jiwe la pale alilijua, hivyo akawaacha wenzake nyuma sana. Mchana Ignasi alimsifu mbele ya watu, akampa viazi vitamu sita, akamwambia arudi na kesho.