Uji Alioupokea Amelala

Maneno yale niliyasikia kwenye kibanda cha vitambaa cha Ardo, siku ya theluji, nilipokwenda kununua shuka. Ardo alikuwa anapima kitambaa kwa mkono. Akasema bila kuinua macho:

"Dahabo, umesikia? Siku hizi mimba ya kwanza haitoki hospitali bila kisu. Wasichana wetu wanafunguliwa kama mabegi."

"Nani kasema?"

"Nani hajasema? Yule wa ghorofa ya nne kwenu kapasuliwa. Mtoto wa shemeji yangu kapasuliwa. Na ukishapasuliwa ya kwanza, zinazofuata wanapita palepale. Ukifika ya nne wanakwambia funga duka."

Wanawake wawili waliokuwa wanachagua shela wakacheka. Mimi sikucheka. Binti yangu Hibaq alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza.

Ningeweza kuyaacha palepale maneno ya Ardo, maana ni huyuhuyu aliyewahi kusema maji ya bomba ya mji huu ndiyo yanayowapa waume zetu upara. Lakini haya yalipanda nami kwenye lifti, yakaingia jikoni. Na sababu ni uji.

Kwenye jengo letu, mimi ndiye ninayewapelekea wazazi uji. Hakuna aliyenichagua. Mwaka niliofika nilimpikia jirani mmoja, akasema maziwa yalimjaa siku ileile, basi kazi ikawa yangu. Ngano, samli, hiliki, sukari kidogo. Sasa ni miaka ishirini na tatu. Mzazi aliyezaa kwa njia ya kawaida hukipokea kikombe ameketi, mguu mmoja uko chini, ananitania. Aliyepasuliwa hukipokea amelala, na kabla ya kucheka hushika tumbo kwanza. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba tu, tena kwenye kambi ya wakimbizi kabla ya kuja huku, lakini kuhesabu najua. Nikachukua daftari la zamani la Hibaq nikawaandika wote ninaowakumbuka, wa mimba ya kwanza tu. Miaka kumi ya mwanzo, wazazi kumi na wanne, waliolala wawili. Miaka kumi ya mwisho, wazazi kumi na tisa, waliolala saba.

Nikahesabu tena nikidhani nimekosea. Saba.

Basi nikaona Ardo kasema kweli, na kama kasema kweli hapo, nikaamini na yote aliyoyaongeza: kwamba wanakata kwa sababu wana haraka, kwamba wakiona mtoto mkubwa tu wanaita daktari wa kisu. Nikajua la kufanya. Sikulitunga mimi. Mama yangu alituzaa tisa, na kila mimba miezi ya mwisho alikula kama ndege. Alikuwa akisema mtoto akue nje, si ndani. Mtoto mdogo anateleza, mkubwa anakwama.

Hibaq alikuwa amerudi kwangu kwa sababu mumewe, Guled, anaendesha lori la masafa, wiki mbili yupo njiani, siku tatu yupo nyumbani. Mimba ilipoingia mwezi wa saba nikaanza. Nikaondoa maziwa ya ngamia. Nikaondoa tende. Nikaondoa wali, na ndizi anayopenda kuila juu ya wali. Nikabakiza nusu ya anjera, ile chapati yetu laini ya maji, asubuhi na supu jioni.

"Mama, hiki chakula cha nani, cha paka?"

"Kula, mama. Mtoto akue nje."

"Mtoto akue nje, na mimi nife ndani?"

"Usitaje kufa mbele ya chakula."

"Chakula kiko wapi?"

Guled akapiga simu, ikawekwa sauti ya juu mezani. "Mama mkwe, nasikia umeanzisha Ramadhani yako mwenyewe huko."

"Wewe endesha lori lako. Sifundishwi mambo ya uzazi na mwanamume anayekula juu ya usukani."

"Sawa, mkuu," akasema, akacheka, na sisi tukacheka.

Hibaq si mtoto mdogo. Ana miaka ishirini na mitatu, anafanya kazi ofisi ya bima, Kiingereza chake ni cha kuzaliwa nacho. Alinitii kwa sababu na yeye aliogopa. Mmoja wa wale saba alisoma naye, na Hibaq alimwona akilia kwa kushindwa kumwinua mwanawe kitandani. Nilipomwonyesha daftari alisukuma sahani.

Siku moja nilikuta karatasi ya sambusa kwenye mfuko wa koti lake. Nilimgombeza kama mwizi. "Unataka wakupasue? Sema kama unataka!" Akaniomba radhi. Binti yangu aliniomba radhi kwa sambusa moja. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Kliniki tulikuwa na mkunga mmoja Mzungu, anaitwa Kirsten, ambaye wanawake wetu wamembandika jina la Mrefu, na yeye analijua na analiitikia. Mrefu alipima tumbo kwa futi ya kitambaa, akatazama mizani.

"Hibaq, uzito wako umesimama. Unakula?"

Hibaq akanitazama. Mimi ndiye niliyejibu, kwa Kiingereza changu cha sokoni: "Anakula vizuri. Vizuri sana."

Nilikuwa nimeshamwonya kwamba siri za jikoni hazipelekwi hospitali. Wakizijua watapata sababu ya kukata.

Wiki ya thelathini na sita futi ilisoma vilevile kama mara iliyopita. Wakampiga picha ya tumbo. Mrefu akarudi akasema mtoto ni mdogo kuliko anavyotakiwa. Nitasema ukweli, maana bila ukweli hakuna haja ya kuandika: niliposikia mtoto ni mdogo, moyo wangu ulifurahi. Nikasema kimoyomoyo, tumewaweza.

Kisha akasema, "Mdogo namna hii hatuwezi kumwacha huko ndani mpaka siku zake. Wiki ijayo itabidi tuuanzishe uchungu kwa dawa. Lakini kwanza lazima nijue ni kwa nini haongezeki."

Wakamtoa damu vichupa sita. Wakauliza kama anavuta sigara. Wakauliza magonjwa ya kwetu, magonjwa ya kina Guled, kama tumesafiri, kama kuna mtoto aliyezaliwa na kasoro. Hibaq anajibu hapana, hapana, macho yapo ukutani. Mrefu akavuta kiti akaketi, magoti yakamfika kifuani.

"Natafuta ugonjwa," akasema. "Nisipouona leo nitautafuta tena kesho, kwa mama na kwa mtoto."

Hibaq akaendelea kutazama ukuta. Nikaelewa kwamba hatasema. Angeacha wamchome sindano za bure mpaka mishipa iishe kuliko kunitaja mimi, mama yake, mbele ya mgeni.

Nikasema mimi. "Hakuna ugonjwa. Ni mimi. Nimemnyima chakula."

Mrefu hakupiga kelele. Ningeona nafuu kama angepiga. Aliuliza tu tangu lini, na nini alikula jana, akaandika. Akauliza kwa nini. Nikamweleza habari ya Ardo, na vikombe vya uji, na nani alipokea ameketi na nani amelala. Akaweka kalamu chini.

"Wangapi, ulisema?"

"Wawili katika kumi na wanne. Halafu saba katika kumi na tisa."

"Dahabo, hesabu yako si mbaya," akasema. "Nilipoanza kazi hii, wazazi wa mara ya kwanza waliopasuliwa walikuwa wachache kuliko sasa. Ikapanda miaka mingi, ikatulia, ikashuka kidogo, sasa inapanda tena polepole. Hapa nchini, hata kwa wale wasio na shida yoyote mwanzoni, ni kama mmoja katika kila wanne. Wengine walihitaji kweli. Wengine wangeweza kusubiriwa zaidi, na sisi wenyewe tunagombana kuhusu hilo. Na ni kweli kwamba ya kwanza ikiwa ya kisu, mara nyingi na za mbele zinakuwa hivyo. Kwa hiyo kuogopa hukukosea."

Nikashusha pumzi. Lakini hakuwa amemaliza.

"Ila mtoto mdogo hapiti kirahisi zaidi. Mtoto mwenye njaa anaingia kwenye uchungu hana akiba. Anachoka, moyo wake unashuka. Na hapo ndipo tunapokimbia na kisu."

Hapo Hibaq akageuka kutoka ukutani. Hakunilaumu. Alisema, "Nilikuwa na njaa, Mama."

Siku ileile nilipika wali, nyama, ndizi, kila kitu. Akala. Nikaleta maziwa ya ngamia, akanywa. Nilimwomba Mungu wiki moja ifanye kazi ya miezi miwili. Guled akageuza lori akarudi, na safari hii hakunitania.

Uchungu wa dawa si kama unaokuja wenyewe, kwa Hibaq ulikuja kwa kuvutwa. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili ukaanza. Kwenye mashine mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanakwenda kama farasi, halafu kila uchungu ukija yanashuka, halafu yanapanda. Wakamgeuza upande huu. Wakamgeuza upande ule. Wakapunguza dawa. Yakashuka tena, na safari hii yalichelewa kupanda.

Mrefu akaja na daktari. Hibaq mwenyewe ndiye aliyeuliza, jasho linamtoka: "Kuna nafasi ya kusubiri?"

"Saa moja iliyopita ilikuwepo," Mrefu akasema. "Sasa hivi hakuna."

"Basi fanyeni."

Alitia saini yeye. Mimi nilikuwa nimesimama na viatu vyake mkononi, sijui kwa nini nilivishika.

Mtoto ni wa kike, Nasteho, pauni nne na nusu. Alilia kwa sauti nyembamba. Alikaa siku tisa kwenye kisanduku cha joto na alhamdulillah yu hai, ananyonya, anakasirika. Kisu ambacho nilimnyima binti yangu wali ili kisimguse ndicho kilichomwokoa mjukuu wangu. Nilimuuliza Mrefu kama ni njaa iliyofanya yote haya. Akanijibu huenda ni njaa, huenda kondo la nyuma lilikuwa dhaifu tangu mwanzo, huenda vyote viwili, na hatutajua. Akasema pia kwamba kidonda kimekatwa vizuri, na mimba ijayo Hibaq anaweza kujaribu kuzaa kwa kawaida, hospitali. La pili nalishukuru. La kwanza ndilo linaloniamsha usiku.

Siku Hibaq alipotoka hospitali nilipika uji. Nimewapikia wengi lakini siku ile samli iliungua mara mbili. Nikampelekea chumbani. Alikuwa amelala, akaweka mkono mmoja tumboni, akanyoosha wa pili. Akatazama ndani ya kikombe.

"Ujaze, Mama," akasema.

Nikaenda nikaujaza.

Wiki ya tatu Ardo akaja kutuona, na shuka la zawadi. Hajaketi sawasawa, akanikonyeza: "Si nilikwambia? Hata wa kwako wamempasua."

"Ardo ndugu yangu, nyamaza nikueleze."

"Nini cha kueleza? Mimba ya kwanza, kisu. Nitawaambia wote sokoni."

Na amewaambia. Nilimweleza yote, mpaka karatasi ya sambusa, akatikisa kichwa akasema mimi nawatetea madaktari. Sasa jina la Hibaq linatembea kwenye vibanda kama ushahidi, na najua kuna msichana mahali fulani anayesukumiwa nusu ya anjera kwa sababu ya binti yangu. Kwa hiyo nimeandika haya, Hibaq amenisahihishia, na nitayabandika kwenye lifti na kwenye mlango wa kibanda cha Ardo, apende asipende.

Mwenye binti mwenye mimba ya kwanza, haya usifanye:

Usimpunguzie chakula ili mtoto awe mdogo. Hata kama bibi yako alifanya.

Usimwondolee maziwa wala tende kwa sababu ya maneno ya sokoni.

Usijibu wewe akiulizwa yeye.

Usifiche ya jikoni kwa mkunga.

Usimgombeze mwenye mimba kwa kula.

Usifurahi ukiambiwa mtoto ni mdogo.

Usikubali kisu kabla hamjauliza kwa nini, na kama kuna nafasi ya kusubiri.

Ukiambiwa hakuna nafasi ya kusubiri, usikatae.

Usimwambie aliyepasuliwa kwamba hakuzaa.

Usimpe kikombe nusu.