Kimya cha Nyamvula

Kitendawili! Usinijibu “tega” kwa mazoea tu, fikiri kidogo. Nimeinjika sufuria mbili za wali. Moja inatokota mpaka kifuniko kinacheza, nyingine imetulia tuli. Niikimbilie ipi?

Wengi huikimbilia inayopiga kelele. Hiyo bado ina maji. Iliyonyamaza ndiyo inayoungua.

Nilimtegea hicho Changawa, bawabu wa kituo cha afya, naye akakikosa. Tulikuwa mlangoni pa wodi ya wazazi, yeye na kirungu chake, mimi na beseni la nguo za mtoto ambaye hajazaliwa bado. Mkaza mwanangu, Nyamvula, alikuwa ndani na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Tulitoka Mwakirunge asubuhi kwa tuktuk. Mwanangu Gona akatushusha, akaenda zake machimboni, maana watu wa nyumbani hawakuruhusiwa kuingia. Nesi alikuwa mmoja tu zamu ile, sista Philister, msichana wa bara, hatua zake za mbiombio.

Tangu adhuhuri nilimsikia mwanamke akilia humo ndani. Hakuwa wangu. Kwetu mwanamke wa uchungu hupewa ncha ya leso aiume. Hivyo ndivyo nilivyowazaa wanangu, na mama yangu vivyo hivyo. Niliketi chini ya dirisha nikisikiliza, na nyuma ya kilio cha yule mwingine nikawa naipata pumzi ya Nyamvula, ikipanda, ikishuka.

Halafu sikuipata tena.

Nikamwomba Changawa anipishe. Akaniambia kwa upole kwamba sheria ni sheria, nyanya, tena wako ametulia, nenda ukanywe chai. Ndipo nikamtega. Akajibu: inayotokota.

“Masikini mkeo,” nikamwambia. “Kila siku wamlisha wali wa kuungua.”

Akacheka akiinamia kirungu chake, nami nikapita.

Nyamvula alikuwa kitanda cha mwisho, macho wazi, leso menoni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatokeza. Philister alikuwa ameinama kwa yule mwingine. Nilipomwita aligeuka, na hakuniuliza nimeingiaje. Mtoto alitoka na kitovu shingoni, amelegea kama kitambaa kibichi. Philister akamsugua mgongo, akamsugua, mpaka kikatoka kisauti chembamba. Kisha damu ya mama ikakataa kukoma. Akamchoma sindano, akamkanda tumbo kwa nguvu ambayo sikuidhania katika mikono ile, nami nimemkumbatia mtoto nikimwomba Mungu asinipe mmoja kwa kumchukua mwingine.

Damu ilikata jua likitua.

Philister akanawa. “Dada, mbona hukuniita?”

Nyamvula akageukia ukutani. Nikamjibia mimi: ni desturi yetu, sista, hatulii. Philister akaitikia kwa kichwa, lakini niliona jibu halijamtosha. Hata mimi, nilipolala nalo, halikunitosha. Leso hufunga mdomo; haifungi mikono. Nyamvula angeweza kugonga chuma cha kitanda. Kwa nini hakugonga? Nilimtazama wakati nikimwogesha mtoto, wakati nikimkorogea uji, nikilizungukazunguka hilo swali. Yeye alizungumza yote, la wodini halimo.

Siku ya chanjo tulimkuta Philister. Alimpakata mtoto, akauliza jina. Nyevu, jina langu. Akatabasamu, kisha, badala ya kuita anayefuata, akaketi nasi kwenye benchi.

“Bado najiuliza,” akasema taratibu. “Siku ile. Hata kugonga kitanda?”

Nyamvula alimchukua mtoto, akamweka titini, akamfunika vizuri kwa leso.

“Yule mwenzangu alikuita, sista,” akasema. “Nikasikia alivyofokewa.”