Jinsi Mume Wangu Alivyoiona Ngome ya Jaisalmer

Mume wangu Sukumaran aliuza miavuli Alappuzha, kusini mwa India, maisha yake yote, mji ambao mvua ya Juni ikianza hata kuku hutamani kuwa bata. Labda ndiyo maana moyo wake uliangukia jangwani. Alikuwa na kitabu cha ngome ya Jaisalmer, huko kaskazini kwenye mchanga, na wateja waliokimbilia dukani kujikinga mvua walisikia habari za wafalme na ngamia hadi wengine wakaona afadhali walowe. Siku aliyomkabidhi duka mkwe wetu, mume wa binti yetu Sindhu, alirudi nyumbani na tiketi za treni.

"Ammini, funga mizigo. Na chakula cha njia nzima upike wewe. Siku hizi kuna watu wanatia dawa kwenye biskuti. Unakula, unalala, unaamka huna hata viatu."

Nikapika wali wa ndimu, chapati na samaki wa kukaanga, maana Sukumaran akikosa samaki hununa kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

Ndani ya behewa, mbele yetu aliketi mzee mwenye masharubu meupe na vipuli masikioni, mguu ameunyoosha hadi kwenye kiti changu. Jina lake Jethmal Vyas. Alikuwa anarudi kwao kutoka Kochi, alikokwenda kumwona mwanawe. Kihindi changu nimejifunza kwenye tamthilia za televisheni. Nilitaka tu kumwomba asogeze mguu, lakini kilichonitoka ni cha mama mkwe wa tamthilia ya saa mbili usiku: "Ondoa unyayo wako, ewe uliyelaaniwa, kabla sijaizima taa ya ukoo wako!"

Mzee akauvuta mguu, akanitazama, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Dada yangu, hata marehemu mama hakuwahi kumwambia mke wangu hivyo. Na alijitahidi!"

Tukawa marafiki. Aliposikia tunakwenda kuona ngome akasema, "Basi karibuni nyumbani. Mimi nakaa humo ndani."

Nikamtafsiria Sukumaran. Akalivuta begi lake mapajani.

"Tapeli huyo," akaninong'oneza kwa Kimalayalam. "Ngome inakaliwa na wafalme. Subiri, sasa hivi utasikia ana mjomba anauza mazulia."

Jethmal alikuwa anatazama nje, minazi na mito ikipita. "Maji mnayo mpaka mlangoni, halafu mnapanda treni kuja kutazama ukuta wetu? Hebu muulize shemeji, kwenu kuta hakuna?"

Hilo sikulitafsiri.

Siku ya pili tulikuwa Gujarat, joto likitoka hata sakafuni, na samaki wetu wakaanza kujitangaza kwa harufu. Kwao Jethmal hata yai haliingii jikoni. Aligeuza uso dirishani. Baadaye akafungua chakula chake, mkate wa uwele na achari, akanikaribisha. Nikala, nikashiba, usingizi ukanichukua.

Nikashtuka natikiswa mabega. "Ammini! Ammini! Taja jina la mama yako!"

"Niache nilale, baba Sindhu."

"Taja!"

"Bhargavi. Na alinikataza nisiolewe na wewe."

Hakuridhika. Akaamua kwamba ile dawa ni ya kufanya kazi polepole, akakaa ananichungulia macho huku akimaliza samaki wote mpaka mwiba wa mwisho. "Chakula cha nyumbani hakimsaliti mtu," akasema.

Kilimsaliti tulipobadilisha treni Jodhpur. Kutoka hapo hadi Jaisalmer, mlango wa choo aliufahamu kuliko kiti chake. Tuliposhuka, miguu ilikuwa haimbebi. Jethmal hakuuliza mtu. Alimshika kwapani, akaita bajaji, tukaanza kupanda kilima. Malango ya ngome, ambayo Sukumaran aliyaeleza miaka yote, aliyapita amefumba macho na taulo mdomoni.

"Hili lango la ngapi?" akauliza.

"La tatu."

"Zuri?"

"Zuri sana."

"Mwambie asimame nilione. Hapana, hapana! Asisimame!"

Nyumba ilikuwepo kweli, ndani ya uchochoro ambao ng'ombe alilazimika kurudi nyuma ndipo tupite. Mke wa Jethmal, Gomti, alimlaza mume wangu chumba cha mawe ya manjano, akamletea maziwa ya mgando yaliyochanganywa na maji, chumvi na bizari nyembamba. Tapeli ndiye aliyemshikia glasi. Sukumaran alikunywa yote, akaomba nyingine.

Muda wote tuliokuwa pale, yeye alikuwa kitandani. Mimi nilizungushwa na Gomti kwenye mahekalu, kwenye mzinga wa zamani na juu ya mapaa yote ya majirani, ambao walikuwa wakiniomba niwatukane kidogo kwa Kihindi cha tamthilia. Mmoja alinipeleka nikamkemee jirani yake juu ya bomba linalovuja. Bomba likatengenezwa.

Dirisha la Sukumaran lilimwonyesha nguo zilizoanikwa, pikipiki, na wanawake wawili wakizozana.

"Wafalme wako wapi?" akaniuliza kwa unyonge.

"Ndio hao, wanagombea maji."

Jioni ya mwisho alipata nguvu za kupanda juu ya paa. Ukuta ulikuwa umegeuka rangi ya asali, na jangwa limetulia chini yake. Nilijiandaa kusikia hotuba yake ya wafalme. Lakini Jethmal akawahi.

"Dada, muulize. Mvua yenu, ikipiga mabati, inaliaje?"

Sukumaran akafikiri. Akachukua sinia la Gomti, akaanza kuligonga kwa ncha za vidole, polepole, kisha kwa viganja. Akaeleza manyunyu ya asubuhi, na mvua ya upepo inayopindua miavuli, na ile ya Julai ambayo mtu akiongea hasikiki. Nilitafsiri mpaka koo likakauka. Majirani wakaja, wakakaa kusikiliza. Kwenye habari za wafalme hakurudi tena.

Tuliondoka asubuhi. Kwenye treni, mume na mke kutoka Pune, waliotoka kutalii ngome, wakamwuliza kwa Kiingereza, ambacho yeye anakijua cha dukani, kama ameliona kasri la wafalme mle ndani.

"Kasri ni la watalii," akajibu Sukumaran. "Ninyi mliingia humo kwa tiketi. Mimi nimelala ngomeni, nimekaribishwa na wenyewe."

Wakamtazama kwa heshima, wakaomba awasimulie. Akawasimulia mpaka Jodhpur. Mimi nikavuta shali usoni, nikajifanya nimelala.