Vernell wa Atlantic City

Kwa Anko Lemuel kinyozi kuna sheria moja tu, na haijaandikwa popote. Ukitaka kupambanisha mabondia wa uzito wa juu, kila mmoja unamleta na usiku wake bora. Ukimtaja Joe Louis, ni yule wa mwaka thelathini na nane, aliyemlaza Mjerumani raundi ya kwanza watu wakiwa bado wanatafuta viti. Ukimtaja Ali, ni yule wa sitini na sita, kabla hawajampokonya mkanda, miguu kama haigusi chini. Huleti mzee, huleti mgonjwa. Ukivunja sheria unarudi mwisho wa foleni, hata kama ulifika kabla mlango haujafunguliwa. Nimeshaona bwana harusi mzima anarudishwa nyuma, na kanisa linamsubiri, kisa alimleta Tyson wa mwisho mwisho.

Watu wa mtaa wetu hapa Philadelphia hawaelewani kuhusu meya wala kuhusu mchungaji. Hiyo sheria wanaiheshimu. Na ndo hiyo hiyo ilitaka kumpofusha baba'ngu.

Baba anaitwa Vernell Gadsden. Ana miaka arobaini na moja, anapakia malori ghalani, na zamani alikuwa bondia wa uzito wa juu. Si bingwa, ila aliwahi kuwa na usiku mmoja. Atlantic City, mi bado nabebwa mgongoni, alimwangusha jamaa anaitwa Crandall ambaye kila gazeti lilikuwa limeshamvika mkanda. Raundi ya nne. Mpaka leo akipita na mfuko wa mikate kuna mtu atampigia honi.

Baada ya pale jicho la kushoto likachanika kwa ndani. Wakamfanyia operesheni, akaacha ngumi. Mbele anaona vizuri tu. Pembeni kushoto ni giza. Nyumbani kikombe chake kinakaa kulia, na tukishuka ngazi za treni mi natembea kushoto kwake, bega kwa bega, ili asigongane na watu. Hatujawahi kuliongelea. Mama alianza, mi nikafuata.

Sasa Jumamosi ile tulikuwa kwa Lemuel, ubishi umenoga. Walikuwa wamemaliza Foreman na Liston, karibu watu washikane mashati, ndo Shemasi Odell akatupa yake. Huyu ni shemasi wa kanisa kweli, ila ulimi wake haujabatizwa. Akasema tuache marehemu wapumzike, tumchukue Vernell wa Atlantic City tumpambanishe na huyu dogo Broadnax anayesumbua sasa hivi.

Tavaris Broadnax ana miaka ishirini na mitatu. Mkono wake wa kulia umeshapeleka watu hospitali. Lakini si sheria inajulikana? Usiku bora kwa usiku bora. Basi wakaanza. Mmoja akasema Vernell angemchosha kwa ngumi fupi za tumboni. Mwingine akasema dogo kidevu chake ni cha kioo. Lemuel mwenyewe akazima mashine kabisa ili atoe hukumu: Vernell, raundi ya sita, dogo akiwa amepiga goti. Watu wakagonga mikono. Nikamwangalia baba kwenye kioo. Alikuwa anatabasamu, lakini mabega yalishaanza kucheza.

Alhamisi, tunakula, akatuambia kuna mtu anaitwa Salvucci anamtafutia Broadnax mpinzani mwenye jina. Atakuja Jumamosi kwa Lemuel kuchukua jibu. Pambano ni jimbo lingine, daktari wa huko hasumbui, na zile herufi za ukutani za kupimia macho baba ameshazikariri. Mama akaweka uma chini. Akamuuliza taratibu kama daktari aliyemshona jicho naye amekubali. Baba akasema daktari hajui ngumi, wanaojua ngumi ni wale wa kinyozini, na wale wameshasema.

Mama akanyanyuka, akaenda chumbani. Mi nikabaki nimekodoa macho. Yaani mtu mzima ameuchukua ubishi wa kinyozi, ameutia mfukoni, anaenda nao ulingoni. Daktari alishamwambia zamani, ngumi moja nzito upande ule na hata kile kidogo kinachoona kitaondoka.

Jumamosi nikaenda naye. Alikuwa anatembea haraka, mi nakimbizana na bega lake la kushoto.

Dukani wakampokea kama bwana harusi. Lemuel akamkalisha bila foleni, akaanza kumnyoa. Shemasi Odell akawa anamwonyesha jinsi Broadnax atakavyoanguka, anajiangusha mwenyewe kwenye viti na tumbo lake lile. Watu wanacheka. Mi nimesimama karibu na beseni la taulo.

Lemuel alikuwa amemaliza nusu ya kichwa, mlango ukafunguka. Salvucci ni mtu mfupi, mpole, koti zuri. Lemuel akazungusha kiti ili baba amwelekee mgeni. Kwa hiyo baba alikuwa ameangalia mlango, kioo kiko mgongoni, na mi niko kushoto kwake, hatua chache tu.

Salvucci akasema hana haraka, amekuja tu kushikana mkono na mwanamume mwenzake.

Nikasema nina mechi.

Wote wakanigeukia isipokuwa baba. Odell akauliza mechi gani tena, wakubwa wanaongea.

"Ali na Holmes."

"Hiyo rahisi, dogo," Odell akasema. "Ali kwa pointi. Holmes alikuwa anambebea mabegi mazoezini."

"Ali wa mwaka themanini."

Lemuel akazima mashine. Kila mtu mle ndani anaujua usiku ule. Ali ana miaka thelathini na minane, majaji hawakumpa hata raundi moja, na baada ya raundi ya kumi mwalimu wake akamkataza kunyanyuka. Kwa Lemuel hakuna anayeutaja. Ni kama kutaja kifo cha mama wa mtu.

"Sheria unaijua," Lemuel akasema kwa sauti ya chini.

"Naijua, Anko. Nitaenda nyuma. Lakini huyo Vernell mliyempa raundi ya sita hayupo. Atakayepanda ulingoni ni huyu uliyemshika kichwa."

"Jarrell," baba akasema, macho bado mlangoni. "Kaa chini."

Sikukaa. Nilichukua taulo moja kwenye beseni, imelowa, nikaikunja. Nikainyanyua juu ili kila mtu aione. Salvucci aliiona. Odell aliiona, akafungua mdomo. Baba alikuwa ananisubiri nikae.

Nikairusha.

Ilimpiga shavu la kushoto, ikalia. Hakupepesa. Hakunyanyua mkono. Mtu aliyeishi ulingoni, kitu kikimjia usoni mkono unapanda wenyewe hata akiwa usingizini. Wake ulikuwa umelala kwenye mkono wa kiti kama wa mtu mwingine. Alishtuka ilipokuwa imeshamwangukia begani.

Wote wanajua mkono wa kulia wa Broadnax unatokea upande huo huo.

Baba akaishika ile taulo, akajifuta polepole.

"Uliinyanyua kwanza?" akaniuliza.

"Juu kabisa, baba."

"Odell."

Shemasi akakohoa. "Aliinyanyua, Vernell. Wote tumeiona."

Salvucci akasema vijana wa siku hizi wana utani mbaya. Akasogea, akanyoosha mkono. "Tumeelewana, bingwa?"

Baba akauangalia ule mkono. Nilikuwa nimemaliza. Sikuwa na taulo nyingine wala mechi nyingine.

"Anko Lemuel," akasema hatimaye, "kijana wangu amevunja sheria?"

"Amevunja."

"Na aliyemleta mzee wa arobaini na moja kwa Broadnax?"

Lemuel akaangalia sakafu. "Huyo naye amevunja."

Baba akajivua shuka la kinyozi. Akanyanyuka, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu ina nywele, akampita Salvucci na ule mkono wake uliobaki hewani, akatembea mpaka viti vya mwisho kabisa, karibu na choo. Akakaa. Mlango ukafungwa taratibu. Jamaa alikuwa ameondoka bila kuaga.

Odell akajikaza akasema basi, nani sasa, Marciano na Frazier?

Nilienda kukaa kushoto kwa baba, kama siku zote. Alikuwa anapumua kwa nguvu, nikajua anaweza kunizaba kofi mbele ya watu. Taulo bado alikuwa nayo mkononi, anaikamua, maji yanadondokea viatu vyake.

Kisha akagonga kiti cha kulia kwake.

"Hamia huku," akasema. "Huko sikuoni."